Gunia, Kulabu na Soksi za Hariri: Historia ya Idara ya Kazi za Mikono ya Misheni ya Grenfell

Kabla ya misheni, kabla ya daktari na kabla ya maduka ya New York, kulikuwa na gunia. Juti ililimwa Bengal, ikapelekwa kusokotwa na kufumwa katika viwanda vya Dundee, Uskoti, na kuanzia katikati ya karne ya 19 magunia yake yalifika katika bandari za Atlantiki ya Kaskazini yakiwa na viazi, unga na chakula cha mifugo. Mzigo ukishamiminwa, gunia halikutupwa. Wanawake wa Maine, Nova Scotia, Newfoundland na Labrador waliona upesi kwamba kitambaa chake kina matundu mapana yaliyojipanga kwa safu, na kwamba ncha ya kulabu inapita humo bila kukata uzi. Hapo ndipo zulia la kulabu lilipopata nafasi ya kuenea.

Kazi yenyewe haina siri. Gunia hufuliwa, hufumuliwa mishono, hukunjuliwa na kushonewa kwenye fremu ya mbao nne mpaka likakaza. Upande mmoja wa fremu huegemezwa mezani, wa pili kwenye mgongo wa kiti. Kulabu ya zamani ilikuwa msumari ulionolewa na kupindwa ncha, ukachomekwa kwenye mpini wa mti uliochongwa hapo hapo nyumbani. Mkono mmoja unakaa chini ya gunia ukishika utepe wa kitambaa. Mwingine uko juu, unachoma kulabu tunduni, unanasa utepe na kuuvuta mpaka kichomoze kitanzi kidogo. Tundu la pili, kitanzi cha pili. Hakuna fundo hata moja. Zulia zima linashikiliwa na msongamano wa vitanzi vyenyewe: kila kimoja kinakibana cha jirani, na gunia linavibana vyote. Aliyevuta ovyo, akaacha vitanzi virefu na vifupi, zulia lake lilifumuka mapema. Aliyevuta sawasawa, zulia lake lilistahimili mabuti ya wavuvi kwa miaka.

Majira ya kazi hii yalikuwa miezi ya baridi, hasa Februari na Machi. Kiangazi chote familia ilikuwa kwenye samaki: wanaume baharini, wanawake na watoto nchi kavu wakipasua chewa wa bahari ya baridi, wakimtia chumvi na kumwanika juu ya vichanja. Bahari ilipoganda ndipo mikono ya wanawake ilipopata nafasi. Jirani alikwenda kwa jirani, fremu ikawekwa katikati, wakaizunguka. Msomaji aliyekulia pwani ya kwetu akiwaona mama na shangazi zake wakisuka ukili barazani ataielewa hali hiyo bila kuelezwa: mikono kazini, masikio kwenye habari.

Vitepe vilikatwa kwenye nguo zilizokwisha: mashati ya baharini, fulana za ndani, magauni yaliyopauka. Michoro ilikuwa ya miraba, maua, nanga na majahazi. Mingine ilichorwa kwa kaa la moto uliozimika, mingine ilinunuliwa. Edward Sands Frost, mchuuzi wa Biddeford, Maine, alianza kukata mabati ya kuchapia michoro juu ya gunia mwaka 1868, na tangu hapo mawaridi na simba wake wakaingia katika nyumba nyingi za pwani hiyo. Zulia jipya lilikuwa fahari. Nyumba nyingine lililazwa kifudifudi wiki nzima, likageuzwa uso juu siku ya Jumapili.

Ukitaka kuelewa kwa nini zulia hili la jikoni lilikuja kuzaa taasisi, lazima kwanza uelewe deni. Newfoundland wakati huo haikuwa sehemu ya Kanada, ilikuwa nchi ya peke yake ndani ya dola ya Uingereza, na pwani yake ya kaskazini pamoja na ile ya Labrador iliishi kwa mali kauli. Mwanzo wa msimu mvuvi alichukua kwa tajiri chumvi, nyavu, unga, chai na molasi, vyote kwa bei ya tajiri. Mwisho wa msimu alimkabidhi tajiri huyo samaki wake, nao kwa bei ya tajiri. Hesabu ilifungwa daftarini. Mwaka wa neema deni lilipungua, mwaka wa ukame wa samaki liliongezeka, na katika yote mawili fedha taslimu haikuonekana. Kazi ya mwanamke, ambayo bila hiyo samaki asingekauka wala kuuzika, ilizama ndani ya hesabu ya mume.

Katika pwani hiyo ndipo alipofika Wilfred Thomason Grenfell. Alizaliwa mwaka 1865 Parkgate, karibu na Chester, Uingereza, akasomea udaktari London Hospital chini ya Frederick Treves, kisha akajiunga na misheni iliyohudumia wavuvi wa bahari kuu. Mwaka 1892 alivuka Atlantiki kwa jahazi liitwalo Albert. Aliingia bandari ya St. John's mji ukiwa bado unafuka moshi, maana moto mkubwa wa Julai 8 ulikuwa umeuteketeza. Kutoka hapo alipanda kaskazini hadi Labrador, na kiangazi hicho kimoja aliwatibu wagonjwa wapatao 900. Aliwakuta watu wenye kifua kikuu, kiseyeye, beriberi, watoto wenye matege, majeraha ya ndoano yaliyooza. Mwaka uliofuata hospitali ilifunguliwa Battle Harbour, na baadaye makao makuu yakawa St. Anthony, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland.

Grenfell alitambua mapema kwamba magonjwa mengi aliyokuwa akiyatibu yalianzia mezani, na meza tupu ilianzia daftarini. Mwaka 1896 alisaidia kuanzishwa kwa duka la ushirika Red Bay ili wavuvi wajinasue. Mwaka 1908 aliwaleta kulungu wa theluji wapatao 300 kutoka Ulaya ya Kaskazini, akitumaini maziwa na nyama. Jaribio hilo halikudumu, ila kulungu hao walibaki milele kwenye mazulia. Misheni ilipokea mapipa ya nguo za mitumba kutoka Marekani, Kanada na Uingereza, lakini Grenfell hakupenda zigawiwe bure. Aliamini sadaka humvunja mtu mgongo. Aliyehitaji koti alitakiwa alete kuni, samani, kazi fulani ya mikono. Msimamo huo ulikuwa na ukali wake, na sitaki kuufunika: mama mwenye watoto wanaotetemeka kwa baridi alitakiwa kuonyesha kwanza alichofanya. Lakini ni msimamo huo huo uliolitoa zulia jikoni.

Mtu aliyeugeuza kuwa idara alikuwa Jessie Luther. Huyu alizaliwa mwaka 1860 Providence, Rhode Island, akafanya kazi Hull House, nyumba ya jamii ya Jane Addams huko Chicago, kisha Marblehead, Massachusetts, kwa daktari Herbert Hall aliyekuwa akiwatibu wenye maradhi ya neva kwa kuwapa kazi: kufuma, kufinyanga, kuchonga. Grenfell alimkuta huko mwaka 1905. Kiangazi cha mwaka 1906 Luther alishuka St. Anthony kuanzisha kazi za mikono, na kwa karibu muongo mmoja alikuwa akienda na kurudi. Tunaposema Idara ya Kazi za Mikono ya Misheni ya Grenfell, tunahesabu kuanzia hapo.

Alianza na mitambo ya kufumia. Ilikuwa haki yake, maana ndiyo fani aliyoijua, na wagonjwa waliokuwa wakipata nafuu waliweza kukaa nayo. Lakini mtambo wa kufumia ni mkubwa, sufu ilikuwa haba, na mwanamke wa kijiji kilichofungiwa na barafu hawezi kwenda St. Anthony kila siku. Zulia la kulabu halikuhitaji lolote kati ya hayo. Fremu alikuwa nayo ukutani, kulabu alikuwa nayo, na ufundi alikuwa ameupokea kwa mama yake. Kufikia mwaka 1908 idara ilikuwa imeanza kuyapanga mazulia kwa utaratibu: misheni itoe gunia lililochapwa mchoro pamoja na vitambaa, mwanamke ashone nyumbani kwake, kazi irudi, ikaguliwe, ilipwe.

Watu hupenda kusimulia kwamba Grenfell au Luther aliwafundisha wanawake wa Labrador kushona mazulia. Si kweli, na kila historia ya taasisi hii inapaswa kulisema hili waziwazi. Ufundi ulikuwapo. Idara ilileta mambo mengine: soko, kipimo na mchoro.

Kipimo ndicho kilichoyatofautisha mazulia ya Grenfell na mengine yote ya Amerika Kaskazini. Zulia la kawaida la kulabu lilishonwa kwa vitepe vinene, vitanzi vikifuata umbo la ua au jani, matundu mengi yakirukwa. Idara ilidai kila tundu la gunia lijazwe. Vitanzi vilikwenda kwa mistari iliyonyooka, kutoka ukingo hadi ukingo, bila kujali kwamba mstari unakata mbawa ya bata bukini au tanga la jahazi. Rangi ndiyo iliyobadilika, mwelekeo haukubadilika. Fundi hodari aliweza kufikisha vitanzi 200 katika inchi moja ya mraba. Ukilitazama zulia la namna hiyo kwa mbali unadhani ni mchoro wa rangi. Ukisogea unaona safu baada ya safu, na kila kitanzi kina urefu sawa na cha pembeni yake. Kazi iliyolegea ililipwa pungufu. Wanawake walioizoea waliijua kazi yao na ya jirani kwa kuipapasa tu.

Mchoro nao ulibadilika. Luther na Grenfell hawakutaka mawaridi ya Frost. Mnunuzi wa Boston alikuwa na mawaridi tele. Alichokosa ni kaskazini. Grenfell mwenyewe alipenda kuchora, na michoro yake mingi ikaingia kwenye magunia: dubu weupe juu ya barafu, mbwa wakivuta sleji, sili, bata bukini wakiruka, milima ya barafu, misonobari, wavuvi na mashua zao. Umaskini wa rangi wa miezi ya baridi ukawa utajiri wa mazulia haya. Nyeupe yake haikuwa nyeupe moja. Kulikuwa na ya theluji iliyoanguka usiku, ya barafu ya bahari, ya manyoya ya dubu, na kijivu cha mbingu kabla ya dhoruba.

Hapo pana faida na hasara, na sioni sababu ya kuchagua moja. Mwanamke aliyekuwa akibuni mwenyewe miraba na nanga zake alipewa sasa gunia lililokwisha chapwa, aambiwe wapi nyeusi, wapi buluu. Baadhi ya ubunifu wa asili wa pwani ile ulipotea hivyo. Kwa upande mwingine, mazulia ya awali yalitengenezwa kwa matambara na yakakanyagwa hadi yakaisha, ndiyo maana machache mno yamesalia, na haya ya idara yametufikia yakiwa na maisha ya watu wale juu yake: vichanja vya samaki, sleji, nyumba mbili tatu chini ya kilima. Mchoro ulitoka ofisini. Vitanzi 200 katika inchi ya mraba havikutoka ofisini.

Kuhusu malipo kuna jambo linalohitaji macho mawili. Misheni iliyopinga mali kauli ya matajiri yenyewe ililipa kwanza kwa hati za kuchukulia nguo katika ghala lake, na baadaye ndipo fedha ikawa sehemu ya malipo. Kwa hiyo kuna waliosema kwamba tajiri amebadilika sura tu. Sikubaliani nao kabisa, ingawa naona walichokiona. Tofauti ilikuwa kwamba hati ile ilikuwa ya mwanamke. Alivua zulia kwenye fremu, akalipeleka, akalipwa kwa zulia lile na si kwa samaki wa mume wake. Majira ya baridi, ambayo zamani yalikuwa majira ya kula akiba na kusubiri, yakawa majira ya kipato. Mabuti ya watoto, kitambaa cha gauni, blanketi: vitu hivyo vilitoka kwenye kulabu.

Sasa nifike kwenye soksi, maana hapo ndipo idara ilipofikia kilele chake.

Miaka ya mwanzo vitambaa vilikuwa vya pamba, hasa flaneli nyepesi. Katikati ya miaka ya 1920 mambo mawili yalikutana. La kwanza, uongozi wa idara ulimfikia Mae Alice Pressley-Smith, mwanamke wa Uskoti mwenye jicho kali la ufundi na la biashara. La pili, sketi za wanawake wa mijini zilikuwa zimepanda juu, miguu ikaonekana, na mamilioni ya soksi ndefu za hariri, halisi na ya viwandani, zikawa zinanunuliwa. Soksi ya hariri ina maisha mafupi. Ikinaswa na msumari mmoja wa kiti, uzi unafumuka kutoka gotini hadi kifundoni, na jozi nzima haifai tena. Idara ikawatangazia wanawake wa Marekani na Kanada kwamba soksi iliyochanika isiende jalalani, iende Labrador. Mapipa na vifurushi vikaanza kuwasili St. Anthony kwa wingi usiokuwa na mfano, soksi na nguo za ndani za hariri za wanawake ambao wengi wao wasingeiona theluji ya Labrador maisha yao yote.

Hariri ya soksi ni nyenzo ya ajabu kwa kazi hii. Ni kitambaa cha kufumwa kwa vitanzi, kwa hiyo ukikata utepe mwembamba na kuuvuta, kingo zake hujikunja zenyewe na utepe unakuwa uzi wa mviringo, laini, wenye kunyumbulika. Unapenya tundu dogo kuliko flaneli, hauachi nyuzinyuzi, na unang'aa. Soksi zilifika zikiwa za rangi ya ngozi, ya moshi, ya chai ya maziwa. Zikachujwa rangi, zikatiwa upya. Kwa kuwa kila jozi ilianza na rangi yake, hata chungu kimoja cha buluu kilitoa buluu nyingi, na mafundi walizipanga hizo katika anga la jioni kutoka nyepesi hadi nzito bila macho kugundua mahali zilipobadilikia. Mbingu za mazulia ya miaka ya mwisho ya 1920 na mwanzo wa 1930, kwa maoni yangu, ndizo kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kufanywa kwa kulabu popote.

Soko liliandaliwa kwa bidii ile ile. Grenfell alikuwa msemaji aliyejaza kumbi. Kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu alivyonusurika juu ya pande la barafu lililokuwa likielea, na jinsi alivyolazimika kuwaua mbwa wake watatu ili avae ngozi zao, kilikuwa kimemfanya ajulikane kote. Mke wake Anne MacClanahan wa Chicago, aliyeoana naye mwaka 1909, alikuwa mpangaji hodari wa mauzo. Vikundi vya wanawake wa miji ya Marekani viliandaa maonyesho majumbani na hotelini. Kulikuwa na maduka, na karibu na Middlebury, Vermont, kulikuwa na nyumba ya chai iliyopewa jina la sleji ya mbwa, ambako msafiri alikula na kununua zulia. Jengo lake liliungua mwaka 2006. Nyuma ya mazulia mengi kulishonwa kibandiko cha kitambaa chenye jina la Grenfell na la Labrador. Mnunuzi alijua kazi imetoka wapi. Hakujua imetoka kwa nani.

Mwaka 1927 hospitali mpya ya zege ilifunguliwa St. Anthony na Grenfell akatunukiwa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza, akawa Sir Wilfred. Idara ilikuwa imara, na mazulia yalikuwa yakiingia kwenye nyumba za matajiri wa pwani ya mashariki ya Marekani yakitandikwa au kutundikwa ukutani.

Mwaka huo huo wa 1927, kusini zaidi, jambo linalofanana lilianza Chéticamp, kijiji cha Waakadia wanaosema Kifaransa kwenye kisiwa cha Cape Breton. Lillian Burke, msanii wa Marekani aliyekuwa karibu na familia ya Alexander Graham Bell, aliwashawishi wanawake wa huko waache rangi kali, watumie sufu na rangi tulivu, akauza mazulia yao New York, mengine makubwa ya kujaza ukumbi. Naitaja Chéticamp kwa sababu ya kilichofuata. Katikati ya miaka ya 1930 sehemu ya wanawake waligoma juu ya malipo, wakajitenga na kuanza kuuza wenyewe kwa watalii barabarani. Kijiji hicho kikaja kuwa na ushirika wake na makumbusho yake, na kikamtoa Elizabeth LeFort, fundi aliyeshona kwa kulabu picha za marais na mapapa na jina lake likajulikana. St. Anthony haikupitia mgawanyiko wa namna hiyo. Wanawake wake walitawanyika katika vijiji vilivyotengwa na maili za barafu, kila mmoja akishughulika na misheni peke yake, na misheni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na daktari na dawa. Ni vigumu kumgomea anayemtibu mwanao.

Mdororo mkuu wa uchumi ulipoanza mwaka 1929 wanunuzi walipungua upesi kuliko maghala yalivyoweza kufunga milango. Bei ya samaki ilianguka, Newfoundland ikaelemewa na madeni hadi mwaka 1934 ikapoteza serikali yake ya kuchaguliwa, na familia nyingi zikaishi kwa posho ya serikali ya senti 6 kwa mtu kwa siku. Mazulia yalihitajika zaidi nyumbani kama kipato wakati yalipokuwa yakihitajika kidogo sokoni. Idara ilipunguza ukubwa, ikatengeneza vipande vidogo vya mezani na mikoba, ikaendelea.

Katika miaka hiyo migumu alikuwapo Rhoda Dawson, msanii wa Kiingereza aliyelelewa katika nyumba ya wasanii, wazazi wake wakiwa Nelson na Edith Dawson. Alichora mazulia ya idara kwa namna mpya: maumbo yaliyorahisishwa, vichanja vya samaki vikawa mistari, kijiji kikawa miraba ya rangi. Yeye ndiye aliyeyatazama pia mazulia ya kienyeji, yale ya miraba na nanga yaliyokuwa yamewekwa kando, akaona ndani yake sanaa kamili isiyohitaji kusahihishwa. Laiti jicho hilo lingefika miaka 20 kabla.

Vita vya pili vya dunia vilimaliza kilichobaki cha enzi ile. Hariri iliadimika na ikahitajika jeshini. Nailoni, iliyoingia madukani Marekani mwaka 1940, ikachukua miguu ya wanawake. Grenfell alifariki Oktoba 9 mwaka huo huo huko Vermont, miaka miwili baada ya Anne, na majivu yake yakarudishwa St. Anthony, kilimani juu ya hospitali. Vituo vya kijeshi vya Marekani na Kanada vilileta ajira za mishahara katika Newfoundland na Labrador, na Machi 31, 1949 nchi hiyo ikajiunga na Kanada. Posho za watoto na pensheni za serikali zikaanza kuingia majumbani kwa fedha taslimu. Mwanamke hakulazimika tena kushona zulia ili apate koti. Hilo lilikuwa jema, na idara ilipungua kwa sababu njema kuliko taasisi nyingi.

Haikufa, hata hivyo. Iliendelea kushona, kudarizi na kutengeneza makoti ya baridi, na mwaka 1981 huduma za afya za misheni zilipokabidhiwa kwa serikali, kazi za mikono zilibaki St. Anthony na zinaendelea huko hadi leo, karibu na nyumba aliyoishi Grenfell ambayo sasa ni makumbusho. Vifurushi vya gunia lenye mchoro wa zamani pamoja na vitepe vyake bado vinauzwa kwa wanaotaka kujifunza. Jimbo lina chama chake cha mafundi wa kulabu, na wanachama wanakutana, wanafundishana, wanashona michoro ya Grenfell na ya kwao wenyewe. Watozaji wa vitu vya kale wanayatafuta mazulia ya hariri kwa bei ambayo mshonaji wa mwaka 1930 asingeiamini.

Mwaka 1994 jumba la makumbusho ya sanaa za kienyeji la New York liliyaonyesha mazulia haya, na mwaka 2005 mtafiti Paula Laverty alitoa kitabu kinachoyaeleza kwa undani, baada ya kuzungumza na wazee wa pwani waliokumbuka nani alishona nini. Kazi ya namna hiyo ina saa yake. Waliokuwa wasichana wakikata soksi miaka ya 1930 karibu wote wamekwenda, na kilichobaki ni watoto na wajukuu wao wanaoweza kusema, mbele ya picha ya zulia, kwamba bibi alikuwa na fremu hiyo na alishona dubu huyo.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wanaoyatunza. Vibao vingi karibu na mazulia haya vina jina la aliyechora, mwaka, nyenzo na jina la misheni, kisha vinanyamaza. Pale panapojulikana mshonaji, jina lake liandikwe kwanza, juu ya la Grenfell. Pale asipojulikana, kiandikwe kijiji chake. Na kama kijiji nacho hakijulikani, basi iandikwe kwamba zulia lilishonwa na mwanamke wa pwani ya kaskazini ya Newfoundland au ya Labrador, nyumbani kwake, majira ya baridi, na nafasi ya jina iachwe wazi ili mjukuu atakayepita aweze kuijaza.